Mayai Aliyonipa Shangazi

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakata kidogo mchana, kisha ikarudi na upepo. Nguo zimeanikwa ndani na jiko la mkaa nimelihamishia barazani.

Harufu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Vitunguu vikianza kugeuka rangi kwenye mafuta ya alizeti, halafu ukavimwagia unga wa dengu uliokorogwa na manjano, inatoka harufu moja ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ni kama ya yai linalokaangwa, lakini yai lenyewe halipo. Mtu akipita nje atasema humo ndani wanakaanga mayai. Atakuwa amekosea, na mimi nikiona mtu anakosea hivyo huwa nafurahi, furaha ambayo sina uhakika kama ni nzuri.

Aliyeanza ni binti yangu, Rehema. Jana alinionyesha kwenye simu mwanamke wa Ulaya anapika kitu wanachokiita kishi, pai ya mboga iliyo wazi juu, na huyu ya kwake haina mayai. Rehema akasema, "Mama, tujaribu hii, ni mpya." Nikatazama mpaka mwisho, nikamwambia hiyo naipika tangu niko darasa la nne. Akacheka. Alidhani natania, kwa sababu mimi ni mtu wa ugali na anajua.

Sebuleni amekaa Shangazi. Amekuja juzi kutoka kule Mtinko kuonyesha macho yake hospitali, na kwa kuwa sisi tunakaa hapa Ikungi, barabarani, hufikia kwetu. Amekuja na ndoo ya mayai yaliyofukiwa kwenye pumba yasivunjike. Kila akija analeta mayai. Na kila akija mimi napika pai isiyo na yai hata moja, namwekea mbele yake. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Nami sijawahi kumwambia. Mimi nimeishia darasa la saba, mambo ya kuandika marefu si yangu, ila hii naiandika, maana nikiisema kwa mdomo naogopa nitaongeza chumvi.

Nilipelekwa kwa Shangazi nikiwa mdogo. Baba alikuwa kibarua wa reli kule Itigi, mama akajifungua mapacha na akawa mgonjwa muda mrefu, basi ikaonekana mimi mkubwa nikakae kwa dada yake baba mpaka hali itulie. Haikutulia haraka. Nikahamishiwa shule huko huko.

Niandike haki yake kwanza. Shangazi hakuninyima chakula. Sare alinishonea yeye, na viatu vyangu vilikuwa vizuri kuliko vya watoto wengi wa pale. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na sikuwa mwepesi. Kisha, mimi nina jina la bibi, yaani mama yake mzazi, kwa hiyo alikuwa ananiita "mama". "Mama, niletee maji." "Mama, kalale." Watu wazima wenzake walikuwa wanacheka, mwanamke mzima anamwita kitoto mama, lakini kwetu ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa najiona mtu mkubwa hasa. Hilo la kuitwa mama mlikumbuke, maana nitalirudia.

Sasa kuku. Pale kwetu kuku alikuwa ndiye benki. Shangazi alikuwa na kuku wengi wa kienyeji, na mayai yalikuwa ya aina mbili: ya kuuza na ya kuatamia. Ya kula hayakuwepo. Mtoto hasa hakupewa yai. Alikuwa anasema mtoto akizoeshwa mayai anakuwa mwizi, kwa sababu utamu ule utamfuata, na siku halipo atakwenda kulitafuta kwenye kiota cha mtu. Wengi walisema hivyo, hakulitunga yeye.

Kuku akianza kuatamia, Shangazi alikuwa anayachora yale mayai mstari wa mkaa, kuzunguka tumbo la yai. Sababu ni kwamba kuku wengine wana tabia ya kuingia kwenye kiota cha mwenzao na kutaga humo humo. Basi ukimwinua kuku, lenye mstari unaliacha, lisilo na mstari ni bichi, la leo au la jana, unalitoa kwenda kuuza. Ni utaratibu mzuri, na mimi mwenyewe mpaka leo nafanya hivyo. Mnunuzi alikuwa Mzee Hamisi, aliyekuwa anapita na baiskeli na makreti yake, anakusanya ya kupeleka mjini.

Kiota kilikuwa kwenye kona ya jiko, ndani ya kapu bovu. Jiko lenyewe lilikuwa la paa la udongo, la kizamani, na mwaka ule mvua zilikuwa kama hizi za leo.

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nilikuwa nimekaa kizingitini nimemaliza hindi la kuchoma. Hindi nilipewa na jirani yetu, Mama Bariki, na lilikuwa limeungua upande mmoja, nikalila hivyo hivyo. Shangazi akatoka jikoni ameshika upindo wa kanga, ndani yake mayai machache yenye mstari. Akaniangalia mdomo.

"Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi, Shangazi?"

"Toa ulimi."

Nikatoa. Ulikuwa mweusi, na midomo myeusi, na vidole vyeusi. Nilianza kusema habari ya hindi, lakini gunzi nilishalitupia mbuzi, na mbuzi hawaachi ushahidi.

"Umekula mayai na mkaa wake," akasema.

Kwa bahati mbaya Mama Tekla alikuwa anapita na ndoo yake ya maji. Mama Tekla alikuwa na mdomo ambao ulikuwa unafika sokoni kabla ya miguu yake. Akasimama, akanitazama kuanzia nywele mpaka kwenye vidole vya miguu, akasema taratibu, "Kumbe jirani unafuga kenge ndani."

Shangazi akacheka.

Fimbo nilipigwa, ndiyo, lakini fimbo nimeisahau. Sijui hata ilikuwa ya mti gani. Kile kicheko sijakisahau. Kwa sababu kenge, kama hujakaa mashambani, ndiye mwizi wa mayai, anaingia kimya, anameza, anatoka na tumbo lake. Kufika mchana shule nzima ilikuwa inaniita Kenge. Nikienda bombani wasichana wananipisha na kusema, "Mpisheni, ametoka kumeza." Ukipita karibu na banda la mtu, mtoto anatumwa kufunga mlango, na anaufunga huku anakuangalia.

Na Shangazi aliacha kuniita mama. Akawa ananiita "wewe". "Wewe, maji." "Wewe, mbuzi." Kisha akatuma salamu kwa baba kupitia mtu aliyekuwa anakwenda Itigi, na yule mtu aliporudi akaniletea jibu la baba mbele ya watu waliokuwa wanapukuchua alizeti: "Baba yako anasema uache kula mayai ya watu, unamtia aibu." Baba, ambaye hakuwahi kunikaripia. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia mpaka ng'ombe wakanishangaa.

Basi nikaanza kuwa na kisasi. Naandika neno hilo bila kulipamba. Nilikuwa nalala nacho na kuamka nacho. Nilitaka kitu kimoja tu: Shangazi aseme mbele za watu, mbele ya Mama Tekla hasa, kwamba mimi sikula mayai yake. Na kama hatasema, basi na yeye ajue inakuwaje watu wakikucheka. Nilifikiria kutia mchanga kwenye mlenda wake. Nilifikiria kuwafungulia kuku wote waende kwa Mama Tekla wakachanganyike. Nilifikiria kula mayai kweli, yote, nikae nayo tumboni kama kenge ili angalau niwe nimeonja kile nilichopigiwa. Nilishindwa kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya wema. Nisijisifie.

Njia niliipata kwa Mama Bariki. Huyu alikuwa Mlutheri, lakini alikuwa amepika miaka mingi jikoni kwa masista kwenye misheni moja, mpaka mgongo ukamshinda akarudi nyumbani. Alikuwa mpole, anaongea na sufuria zake kuliko watu. Jioni moja nilikwenda kumrudishia ungo, akanikatia kipande cha kitu cha njano, chini kigumu kama biskuti, juu laini, ndani mchicha na karoti. Nikatia mdomoni nikasimama hapo hapo. Nikasukuma kile kipande na ulimi, nikataka kukitema.

"Mama Bariki, umetia mayai. Nitapigwa."

"Mayai gani?"

"Haya."

Akacheka kwa tumbo, hakutoa sauti. "Masista wale Kwaresima hawagusi nyama wala yai. Pai wanaitaka, mayai wamejikataza. Sasa mpishi ufanyeje? Hiyo ni dengu, mjukuu wangu. Dengu na manjano. Mimi mwenyewe nikifumba macho naona yai."

Nilikimeza. Na kile kipande kilipokuwa kinateremka, mpango mzima ukawa umekuja kichwani, umeiva, kama mtu amenipa mkononi.

Zamu ya jumuiya ilikuwa inakuja nyumbani kwetu, Kwaresima hiyo hiyo. Jumuiya ilikuwa inazunguka, leo kwa huyu, wiki nyingine kwa yule, watu wanasali, wanasoma, halafu mwenye nyumba anawapa chai. Mama Tekla hakukosa hata moja. Nilitaka niweke mezani kitu cha njano kabisa, chenye sura ya mayai na harufu ya mayai, Shangazi aone, asimame mbele ya katekista na watu wote aseme, "Kenge ameniibia tena." Nimngoje amalize. Nimwache aseme mpaka mwisho, asirudi nyuma. Halafu nimwambie hakuna yai, akague kuku wake, aone yapo yote. Watu wangemwona ni mtu anayesingizia watoto. Na wangesema, kama amesingizia leo, basi hata siku ile alisingizia.

Nikamwomba. "Shangazi, siku ya jumuiya nipike pai, Mama Bariki amenifundisha."

Akanitazama. "Pika. Ila kuku wangu usiwasogelee."

Nikaitikia kwa heshima zote. Ndani nilikuwa nachinja.

Mama Bariki sikumwambia mpango. Alidhani napenda mapishi, akanifundisha kwa uvumilivu, na ukweli ni kwamba katikati ya chuki yangu nilijifunza kitu kizuri. Unga wa ngano unausugua na mafuta ya alizeti na chumvi mpaka uwe kama mchanga wenye unyevu, unatia maji kidogo tu, hauukandi kama wa chapati. Unautandaza kwenye sufuria kwa vidole, unaupandisha pembeni, unautoboa toboa kwa uma. Mboga unazikaanga mpaka maji yakauke, alinisisitiza hilo: "Mboga ikiwa na maji pai inalia ndani." Unga wa dengu unaukoroga na maji uwe kama uji mwepesi, manjano, chumvi, pilipili manga kidogo. Unachanganya, unamwaga. Chini makaa machache, juu ya mfuniko makaa mengi. Na usifunue. Ukitaka kujua imeiva unachoma njiti ya ufagio mpya, ikitoka kavu unaipua, unaiacha ipoe yenyewe ishikane. Mimi manjano niliongeza mara mbili ya alivyosema. Nilitaka mtu aione tangu getini, ingawa geti hatukuwa nalo.

Siku ikafika. Chumba kimejaa, watu kwenye viti vya kuazima na wengine kwenye mkeka. Nilipita na maji ya kunawa, shikamoo, shikamoo, kila mmoja. Wakasali. Sijui walisali nini. Chai ikaja, viazi vitamu vikaja, halafu mimi nikaingia na pai kwenye sinia nikaiweka katikati. Nilipoikata, ndani ilikuwa njano kama ua la alizeti.

Katekista, mzee mmoja mwembamba aliyependa kula, akasema, "Kwaresima ya namna hii hata mimi naiweza."

Mama Tekla akachukua kipande, akakigeuza, akakinusa, akakiuma. "Mayai haya," akasema. Akanigeukia. "Mayai matupu. Mnaona jamani? Kenge safari hii ametapika hadharani."

Watu wakacheka, na mimi kwa mara ya kwanza kicheko kile hakikuniuma. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sinia tupu la viazi kifuani, namwangalia Shangazi. Niliona alivyoitazama ile pai. Niliona amenitazama mimi. Nikasema moyoni, sema sasa. Sema.

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Mayai nilimpa mimi," akasema. "Nilimwambia mama awapikie wageni, wale vizuri. Kwani kuku ni wa nani?"

Hakusema kwa sauti. Alisema kama mtu anayesema mvua imekata. Kisha akanyoosha mkono akachukua kipande chake.

Nataka muelewe nilivyojisikia. Nilikuwa kama mtu aliyejitupia kwa nguvu zote kwenye mlango uliofungwa, kumbe mlango uko wazi. Nilidhani amenipokonya. Nilidhani ameona watu wanasifia, akaona sifa hiyo aichukue yeye, mwenye kuku, mkarimu wa kutoa mayai. Hasira iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya ulimi mweusi.

Nikasema, "Haina yai."

Mama Tekla akasema, "Nini?"

"Haina yai hata moja. Ni dengu. Mama Bariki anajua, kamuulizeni. Na mayai ya Shangazi yako kwenye kapu, sijagusa, kahesabuni, yapo yote."

Mama Tekla hakusubiri kuambiwa mara mbili. Aliinuka yeye na mwingine, aliyeleta viti asubuhi na kuyaona mayai, wakaenda jikoni, tukasikia kuku analalamika, wakarudi. Mama Tekla alikuwa anajikaza uso.

"Yapo yote," akasema. "Ya mstari yana mstari, na mabichi yapo pale pale, hakuna lililotoka. Sasa jirani, wewe umempa mtoto mayai gani?"

Shangazi alikuwa bado anatafuna. Katekista akakohoa akasema tufunge kwa sala. Lakini Mama Tekla alishapata chake. "Mayai hewa," akasema, na chumba kizima kikavunjika kwa kicheko, hata waliokuwa wanamheshimu Shangazi wakaziba midomo kwa kanga. Nilimwona alivyoinamisha kichwa. Naandika bila kuficha: nilifurahi. Nilikwenda nyuma ya zizi, mahali pale pale nilipolia, nikacheka peke yangu.

Tangu siku ile jina likahama. Mimi Kenge wakaanza kunisahau, na yeye akaitwa Mama Mayai Hewa, bombani, sokoni, kwenye misiba. Watoto walikuwa wanamwamkia shikamoo kwa adabu zote, wakishampita wanakohoa. Kule kuna watu mpaka leo wanamwita hivyo, wazee wenzake. Aliubeba huo mzigo miaka yote. Hakunipiga. Hakuniuliza kwa nini nilimwaibisha. Na lile neno nililolitaka, kwamba sikula mayai yake, hakulisema. Nikaona tumelipana nusu nusu, deni langu bado analo.

Nimekuwa mtu mzima na hesabu hiyo. Nikaolewa, nikahamia huku. Siku moja, Rehema akiwa bado mchanga, nilikwenda gulioni hapa Ikungi, nikamkuta Mzee Hamisi ameketi na makreti yake, amezeeka, baiskeli ameshaiacha. Nikamwamkia, nikajitambulisha, akafurahi sana.

"Yule Shangazi yako," akasema, "yupo? Mwambie namsalimia. Yule mama aliwahi kuniuzia vifaranga."

Nikauliza vifaranga vipi.

"Ndani ya mayai! Mwaka ule wa mvua. Nimefika mjini, mteja anavunja, anakuta manyoya. Nilimrudishia nikiwa nimekasirika kweli. Akayashika, akayatazama, akaenda jikoni kwake akatazama juu ya paa, akarudi. Akanibadilishia na mengine. Nakumbuka kwa sababu alikuwa anafagia ua kwa ajili ya wageni, sala zenu zile zilikuwa kwake kesho yake."

Nilisimama pale gulioni na mtoto mgongoni, watu wananipita. Paa. Paa la udongo lilikuwa linavuja juu ya kapu. Mvua ya usiku ilidondokea mayai, ikaosha mkaa. Kuku alilowa akashuka, mayai yakakaa wazi. Shangazi akaingia alfajiri, jiko lina giza, akapapasa, akaona meupe yasiyo na mstari, akayatoa kwa mkono wake mwenyewe akampa Mzee Hamisi aliyekuwa anapita mapema. Baadaye akarudi kutazama ya mstari, akakuta ni machache. Na mimi nimekaa kizingitini na ulimi mweusi.

Kumbe siku ya jumuiya alikuwa anajua. Alijua tangu jana yake kwamba mimi si mwizi. Na alipoiona ile pai ya njano, nadhani, narudia nadhani, aliamini kwamba sasa nimeiba kweli, kwa hasira, na akaona ana haki ya kuibiwa. Akasema alinipa. Na alisema "mama". Nilimwambia mama awapikie wageni. Lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu siku ya kile kicheko, akalirudisha mbele ya katekista na Mama Tekla na wote, na mimi nilikuwa na kelele nyingi kichwani sikulisikia.

Au labda sivyo. Labda alitaka sifa tu, na "mama" lilimtoka kwa mazoea. Nimejaribu kuwa wa haki kwake na nimejaribu kuwa wa haki kwangu, na mizani inayumba. Kwa sababu nauliza hivi: kama alijua tangu jana yake, ilimgharimu nini kuniita pembeni, hata nyuma ya zizi, akaniambia, "Mama, nilikosea"? Mkubwa kwetu hamwombi mtoto radhi, najua. Lakini alimpelekea baba yangu salamu za uwongo, na miguu ya kupeleka salamu za kweli ilikuwepo. Pasaka ile baba alipokuja hakutaja mayai kabisa, akanibebea mkate mkubwa wa dukani. Sijui kama aliambiwa. Amekufa, siwezi kumuuliza.

Ndiyo maana kila akija namwekea pai hii. Nataka aikumbuke. Nataka kila akiitia mdomoni aone Mama Tekla anarudi kutoka jikoni. Ni kisasi kidogo, cha mboga, lakini ni changu.

Leo nimetoka jasho barazani na makaa yamelowa, Rehema ananipepea na mfuniko wa ndoo huku anasoma kwenye simu yake kwamba oveni iwe nyuzi kadhaa. Pai imetoka vizuri kuliko siku zote. Baba Rehema alirudi amelowa, tukaandaa, tukakaa wote. Akakata, akala, akafumba macho kidogo.

"Hii imeshiba mayai," akasema.

Shangazi alikuwa ameinamia sahani yake. Macho yake sasa hayaoni mbali, anakula kwa kupapasa. Hakuinua kichwa. "Nilimpa mimi," akasema. "Nilimwambia mama awapikie, mle vizuri."

Maneno yale yale. Sijui kama ni uzee, au ni ndoo ya juzi anayoisema, au miaka yote hii amekuwa akinijibu kila nikimwekea pai na mimi sikai kusikiliza. Rehema akafungua mdomo. Yeye ndiye aliyekoroga dengu, anajua. Akanitazama. Lile neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, halijachakaa hata kidogo, haina yai, na safari hii Mama Tekla hayupo wa kunisaidia kucheka.

Nikamkanyaga Rehema mguu chini ya meza.

"Ni kweli," nikasema. "Alinipa Shangazi."

Shangazi akatafuna, akameza. Halafu akasogeza sahani upande wangu, aongezwe. "Mama," akasema, "usinikatie kidogo."

Sijamsamehe. Nafikiri sijamsamehe. Nitaangalia kesho.

Jioni tumekula pai ya mboga, ugali wa uwele na mlenda, Rehema akamalizia na chai kwa sababu hapendi mlenda. Shangazi amelala. Mayai yake yako kabatini kwenye pumba, yapo yote.